Skeli, na Nyambizi ya Karatasi Kwa Vonza

Kiswahili kimejua kupunguza vitu tangu zamani. Nyumba huwa kijumba, mlima kilima, mto kijito. Ila hakuna aliyewahi kuuliza kilima ni mlima uliogawanywa kwa ngapi. Kiambishi ki- kinatuambia kitu ni kidogo, kisha kinanyamaza. Skeli inataka zaidi. Modeli ikiandikwa skeli ya 1:50, sentimita 1 ya modeli inasimamia sentimita 50 za chombo chenyewe, na hakuna sehemu inayosamehewa: urefu, upana, kimo, hata kifuniko cha kuingilia, vyote vimegawanywa kwa 50.

Ukitoka Machakos kuelekea Kitui, kabla ya Kwa Vonza unapita Wamunyu, kitovu cha uchongaji wa Wakamba, sanaa ambayo mwanzo wake huhusishwa na Mutisya Munge, aliyeuona ufundi wa Wazaramo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mchongaji akiona shingo ya twiga ingependeza ikirefuka, anairefusha, na mnunuzi analipa kwa furaha. Twiga huyo ni mdogo, tena ni mzuri, lakini hana skeli. Mwenye kutengeneza modeli hana uhuru huo wa mchongaji. Akirefusha pua ya nyambizi kwa milimita 4 ili ipendeze, amedai kwamba chombo halisi kilikuwa kirefu zaidi kwa sentimita 20.

Tuchukue nyambizi yenyewe. Jina lake linatokana na mbizi, ile ya kupiga mbizi, na limekubalika kuliko “manowari ya chini ya bahari”, ambalo ni maelezo zaidi ya jina. Ile ya mfano wetu, H. L. Hunley, ilikuwa bomba la chuma la takriban mita 12, lililokuwa na watu 8 ndani: saba wakizungusha mtaimbo wa rafadha kwa mikono, mmoja akiongoza. Usiku wa tarehe 17 Februari 1864 iliizamisha meli ya Housatonic nje ya Charleston, Marekani, ikawa nyambizi ya kwanza kuzamisha meli ya adui vitani. Yenyewe haikurudi. Ilipatikana mwaka 1995, ikaopolewa tarehe 8 Agosti 2000.

Kwa skeli ya 1:50, mita 12 zinakuwa sentimita 24. Kipenyo cha mita 1.2 hivi kinakuwa sentimita 2.4, kwa hiyo mzingo wake ni kama sentimita 7.5. Yaani nyambizi nzima, ikitandazwa kabla ya kuviringishwa, inaenea kwenye karatasi moja ya manila ya ukubwa wa A4 na nafasi inabaki ya pindo za kutilia gundi. Mzazi aliyesumbuliwa usiku na mtaala wa umilisi, mtoto akidai manila na gundi kwa ajili ya kesho asubuhi, anajua bei yake. Na kuna jambo linalofurahisha hapa: manila ya kawaida ina unene wa milimita 0.2 hivi. Zidisha kwa 50 upate milimita 10. Mabamba ya chuma ya Hunley yalikuwa na unene unaokaribia huo huo. Ni mara chache sana karatasi hutii skeli kwa unene. Kwa kawaida huwa nene kupita kiasi, na fundi hujifanya haoni.

Ukibadilisha chombo, skeli nayo hubadilika. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani I-27 iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldivi. Meli ilikuwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, ikibeba pamoja na wengine kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Watu 1,297 walikufa. I-27 ilikuwa na urefu wa karibu mita 109. Kwa 1:50 modeli yake ingezidi mita 2, isingepita mlangoni ikisimamishwa. Itengeneze kwa 1:350 ipate sentimita 31. Hunley kwa skeli hiyo ingepungua hadi sentimita 3 na ushei, na vidole vya mtu vingeshindwa kuiviringisha.

Kwa nini basi tuseme skeli, neno la mkopo, na Kiswahili kina kipimo, uwiano na mizani? Mizani hupima nyama buchani na silabi katika shairi, imeshachoka. Kipimo ni cha chochote, kuanzia unga hadi malaria. Uwiano unakaribia, lakini uwiano ni wa vitu vyovyote viwili, hata wavulana na wasichana darasani. Skeli ni uwiano wa aina moja tu, wa urefu wa mchoro au modeli kwa urefu wa kitu halisi, na aliyesoma ramani kwa Kiswahili ameshakutana nalo. Mimi sioni haja ya kulifukuza.

Ramani hiyo hiyo inafundisha somo lenye manufaa. Pale Kwa Vonza, kwa sababu ya Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kuchapisha mchoro wa modeli hakuna shida. Shida ni printa. Isipozuiwa, hupunguza mchoro kidogo ili pambizo zisikatwe, labda hadi asilimia 96. Sentimita 24 zinatoka 23, na 1:50 iliyoandikwa pembeni sasa ni uongo. Modeli imekuwa 1:52. Ndiyo maana wachora ramani huweka pia skeli ya mstari, ule mstari uliogawanywa kwa mita. Mchoro ukipungua, nao unapungua pamoja na mchoro, kwa hiyo haudanganyi. Chora mstari wa mita 5 kwenye kona, yaani sentimita 10, kisha uupime kwa rula kabla ya kugusa mkasi. Ukitoka sentimita 9.6, rudi kwa mwenye printa.

Uzito ndio unaowashangaza wengi. Urefu umegawanywa kwa 50, lakini ujazo, ambao ni urefu mara upana mara kimo, umegawanywa kwa 50 mara tatu, yaani 125,000. Kila tani ya nyambizi ya kweli inakuwa gramu 8. Hunley inakadiriwa kuwa ya tani 7 hivi, basi modeli inayotaka kuzama hadi mgongo wake ulingane na maji ya beseni inahitaji gramu 56. Manila yenyewe haifiki gramu 4. Ipake nta isilowe, kisha ujazie mchanga, ule ule ambao malori huufuata kwenye mito yetu ya msimu. Mchanga uugandishe kwa gundi katikati. Ukiachwa huru utateleza mbele, na modeli itashuka kichwa chini, kama Hunley yenyewe ilivyofanya kabla ya kuizamisha Housatonic, tarehe 15 Oktoba 1863, valvu ya tangi la mbele ikiwa wazi, pua ikachimba matope ya bandari ya Charleston, na Horace Hunley, mwenye jina lake, akiwa ndani.