Kabureta, sangara na kasia

Historia ya ziwa letu imo pia ndani ya kabureta. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, akaongezeka sana miaka ya 1980. Viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza miaka ya 1990, wavuvi wengi wakafunga mashine za tustroki, zile za petroli iliyochanganywa na oili, wakamfuata mbali.

Mashine ikikaa bila kazi, petroli hukauka, ikaacha utando unaoziba tundu dogo la kabureta. Uchafu na maji huziba vilevile. Ukiwa mbali na nchi kavu, hilo ni suala la uhai. Chuja mafuta. Tundu lipulizie upepo, waya hulipanua.

Na kasia la babu? Usiliache ufukweni.