Mhadhiri Chipukizi na Muda wa Kutafiti

Neno utengamao linatokana na kitenzi tengamaa, yaani kutulia baada ya misukosuko. Wataalamu wa afya hulitumia kwa huduma za kumrejeshea mgonjwa au majeruhi uwezo wa kutembea, kusema na kufanya kazi.

Nchini Marekani fani hii ilipanuka wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari Howard Rusk alipowahudumia askari majeruhi wa jeshi la anga. Watafiti, hata hivyo, walibaki wachache. Mwaka 1990 sheria iliunda kituo cha kitaifa cha utafiti wa utengamao. Baadaye zikatolewa ruzuku za kuwalea wahadhiri chipukizi: kila mmoja hupata mlezi mzoefu, na kwa kawaida asilimia 75 ya muda wake wa kazi hutengewa utafiti na mafunzo yake.

Barani Afrika, mpango wa CARTA ulianzishwa mwaka 2008 kuwalea wahadhiri wa afya ya jamii, wakiwemo wa Makerere.

Nasi walimu wa Kiswahili tunawadai wahadhiri wasaidizi makala huku tumewarundikia vipindi na masahihisho. Fedha hatuna, lakini ratiba ya idara twaipanga wenyewe. Tuanzie hapo.