Kufuli la Sebuleni

Wazazi wa Kikristo hapa mjini wanalia kwamba simu imewaharibia watoto. Kabla hatujawaunga mkono au kuwacheka, hebu tuangalie tulikotoka.

Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962. Zanzibar wakaanza kurusha ya rangi mwaka 1973. Sisi wa Bara tulikaa bila kituo hata kimoja hadi 1994, maana serikali ya Mwalimu iliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi maskini. Nyumbani ilikuwa ni redio tu, na sinema za mjini zilipitia kwenye bodi ya ukaguzi. Yaani kazi ya kuchuja picha ilikuwa ya serikali, mzazi hakuijua.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ikawafungulia mlango watu binafsi, na mwaka uliofuata ITV ikaanza kurusha. Mzee mwenye uwezo akanunua seti, akaiweka kwenye kabati la sebuleni, akatia kufuli. Taarifa ya habari ikiisha, ufunguo mfukoni! Hayo ndiyo yakawa malezi. Watoto nao hawakulala: walikwenda kwa jirani, au kwenye kibanda cha video, wakatazama yale ambayo ufunguo wa baba haukuyafikia. Na waliporudi walinyamaza, maana kusema ni kuchapwa.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukafika Dar es Salaam. Haikupita miaka mingi, sebule nzima ikahamia kiganjani.

Sasa watoto wale wa kibandani ndio wazazi wa leo, na wanachotafuta ni kufuli jingine: nywila, au kumnyang'anya mtoto simu. Lakini Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamwagiza mzazi afundishe akiwa ameketi nyumbani, akiwa njiani, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Haitaji kufuli. Hebu zihesabu nyakati hizo nne. Si ndizo hizo simu imezishika? Tena si ya mtoto peke yake: baba yuko kwenye grupu la kwaya, mama yuko kwenye la kikoba, na chakula kinapoa mezani.

Mtoto atakutana na uchafu tu, kama wao walivyokutana nao kibandani. Kinachobaki ni kama asubuhi yake atathubutu kumwambia mama.