Kipimo cha Mwanzi: Gobore na Baruti katika Historia ya Urambo



Nilipoombwa kuandika ukurasa wa historia wa mwaka huu nilidhani nitarudia yale tunayoyajua wote: Mtemi Mirambo, Iselamagazi, rugaruga, vita na Waarabu wa Tabora. Aliyenibadilishia njia ni mzee mmoja wa Kizungu, ambaye Tanzania yenyewe hajawahi kufika.

Ilikuwa hivi. Nilikwenda Marekani, jimbo la Pennsylvania, kumwona binti yangu na wajukuu. Jirani yao, fundi bomba mstaafu, aliposikia kwamba nilikuwa mwalimu wa historia akanichukua Jumamosi moja hadi uwanja wa kulengea shabaha. Nilitegemea kuona silaha za kisasa. Kumbe akatoa kwenye mfuko bunduki ndefu ya kushindilia, ya gumegume, pamoja na pembe ya baruti na mdeki wa mti. Nikajikuta nasema kwa Kiswahili, "Hili si gobore la babu hili!" Jimbo lile lina msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa bunduki za gumegume, baada ya Krismasi, na huyu bwana alikuwa anatafuta kiasi cha baruti kitakachoifaa bunduki yake mpya.

Tulikaa pale saa tatu nzima. Alianza na baruti kidogo, gramu 3 na ushee. Akamimina mdomoni mwa mtutu, akaweka kitambaa kilichopakwa mafuta, juu yake risasi ya mviringo, akashindilia kwa mdeki mpaka risasi ikakalia baruti. Alipiga risasi tano kwenye karatasi iliyokuwa hatua hamsini hivi, bunduki ikiwa imeegemezwa kwenye mfuko wa mchanga ili makosa ya mkono yasichanganyike na makosa ya bunduki. Kila baada ya mlio alifuta masizi ndani ya mtutu kwa kitambaa chenye unyevu. Halafu karatasi mpya, baruti imeongezwa kidogo, tano nyingine. Alipofika gramu nne na nusu, matundu yote matano yangefunikwa na mdomo wa kikombe cha kahawa. Akaongeza tena, yakaanza kutawanyika. Kwenye gramu karibu 6 kishindo kilikuwa cha kutisha, moshi ukatufunika, bega likamuuma, na karatasi ikaonekana kama imepigwa na watu watano tofauti. Akayaandika yote kwenye daftari. Nikamuuliza kwa nini asichukue tu kiasi cha rafiki yake aliyekuwa pembeni na bunduki ya aina ileile. Akacheka, akaniambia kila mtutu una tabia yake, hata kama fundi ni mmoja.

Maneno hayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia miaka sitini nyuma, pembezoni mwa mashamba yetu, upande ule ambako Waingereza walifyeka pori kwa mradi wao wa karanga baada ya 1947.

Babu yangu alikuwa na gobore na vipimo vitatu vya mwanzi, vimefungwa kwa kamba ya ngozi. Kidogo kilikuwa cha kanga, kikiendana na marisau. Cha kati kilikuwa cha nguruwe pori waliokuwa wanatumaliza mihogo. Kikubwa kuliko vyote, kinyume na nilivyodhani nikiwa mtoto, hakikuwa cha mnyama yeyote. Kilikuwa cha mlio tu, bila risasi, siku ya harusi au anapozikwa mtu mkubwa. Jirani mmoja alipopata gobore lake alikuja kuazima kipimo cha kati. Babu akamkatalia. Si kwa uchoyo, alimwambia, "Bwana, kipimo ni cha bunduki hii. Kachonge chako, uanze na kidogo, uangalie inakoangukia risasi." Jirani hakuangalia. Alijaza kwa kiganja, na inasemekana risasi yake ilikwama katikati ya mtutu kwa sababu ya masizi, haikufika kwenye baruti. Hapo ndipo mtutu hupasuka: nafasi tupu kati ya baruti na risasi ni hatari kuliko hata baruti nyingi. Alipoteza vidole viwili na tangu hapo tukawa tunamwona akilima kwa mkono wa kushoto.

Nayaeleza haya kwa sababu katika vitabu vya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 kuna kejeli inayorudiwa mpaka inachosha: kwamba mtu wa bara humimina baruti bila kipimo, huweka bunduki kiunoni, hufyatua bila kulenga. Wengi wetu tumeisoma shuleni na kuimeza. Mimi mwenyewe niliifundisha. Tuitazame basi kwa macho ya mtu mwenye gobore mkononi.

Kwanza, bunduki zenyewe. Nyingi zilizofika Unyamwezi zilikuwa masalia ya majeshi ya Ulaya, yaliyotupwa sokoni kila nchi ilipohamia bunduki mpya za kujazwa nyuma, au zile za bei rahisi zilizotengenezwa kwa ajili ya biashara katika miji kama Birmingham na Liège. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Mitutu yake mingi ilikuwa laini ndani, haina ile michirizi ya kuzungusha risasi kama ya yule mzee wa Pennsylvania. Risasi ya mviringo katika mtutu laini, tena isiyoujaza vizuri, huyumba. Ukilenga mtu aliye hatua mia, unalenga kwa matumaini.

Pili, baruti. Baruti ni shura, kiberiti na makaa, na adui yake mkubwa ni maji. Vipipa vya baruti vilitoka Bagamoyo kichwani kwa mpagazi, mara nyingi Mnyamwezi mwenzetu, safari ya karibu miezi mitatu hadi Tabora, kwa mito ya kuvuka na mvua za njiani. Baruti yenyewe ilikuwa ya daraja la chini tangu mwanzo. Ikifika huku, kipimo kilichotosha pwani hakitoshi tena.

Tatu, risasi. Madini ya risasi yalikuwa haba, kwa hiyo watu walitumia vipande vya chuma, waya wa shaba, hata kokoto. Vitu hivyo havikai sawasawa mtutuni; nguvu ya baruti hupenya pembeni na kupotea hewani. Mwenye akili hulipa upungufu huo kwa kuongeza baruti. Mgeni anayetazama anaona mikono inamimina tu.

Sisemi kwamba kila mtu alikuwa na vipimo vitatu vya mwanzi. Yule jirani ni ushahidi. Ila tusikubali kwamba wazee wetu walikuwa wapumbavu kwa kuwa tu mwandishi hakuuliza kilichomo kwenye pipa.

Sasa Mirambo. Hadithi ya nyumbani husema alishinda kwa bunduki. Mimi naona alishinda kwa kujua mipaka ya bunduki. Gobore likishafyatuliwa linahitaji nusu dakika au zaidi kujazwa tena, na kwa kijana aliyejificha kwenye nyasi ni zaidi ya hapo. Maana yake una mlio mmoja. Mirambo aliupanga mlio huo uwe karibu mno, mahali ambapo tofauti ya kipimo haina maana kubwa, na baada yake mkuki. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora walitoka kumpiga, Stanley akiwa pamoja nao. Walichukua Zimbizo, kisha kikosi cha Soud bin Said kikaenda Wilyankuru na kuiteka. Walipokuwa wanarudi wamelemewa na pembe za ndovu na mateka, watu wa Mirambo waliinuka kutoka kwenye nyasi pande zote mbili za njia. Soud akauawa, jeshi likavunjika, na Stanley, akiwa na homa, akakimbilia Mfuto pamoja na waliobaki. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah akafa siku hiyo. Stanley alipokutana naye tena, Aprili 1876, walichanjiana damu ya undugu. Mtu aliyemkimbia miaka mitano nyuma!

Lakini baruti ilikuwa na mtego wake, nao hausimuliwi sana katika mikusanyiko yetu. Mkuki anaufua mhunzi wa kijijini. Baruti inatoka pwani, na aliyeshika njia ameshika pumzi yako. Vita vya 1871 hadi 1875 vilikuwa vita vya njia hiyo zaidi ya kitu kingine chochote. Na njia ikaja kufungwa kwa kalamu. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyapa mataifa ya Ulaya kisingizio cha kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa maneno mengine, sisi tuliachiwa magobore rasmi wakati Mjerumani anakuja na bunduki za kujazwa nyuma na mizinga. Msishangae basi kwamba babu yangu, aliyekulia chini ya Wajerumani, alizeeka na silaha ambayo majeshi ya Ulaya yaliiacha kabla yeye hajazaliwa.

Mirambo hakuyaona hayo. Alifariki Desemba 1884. Aliyeyaona ni jirani yetu, Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893, boma lake lilipoingiwa na kikosi cha von Prince, Isike aliingia kwenye ghala lake la baruti na kuliwasha. Nimesimama mahali panaposemekana lilikuwepo boma hilo, na nikafikiri juu ya vile vipipa, miezi mitatu kichwani kwa watu, kila kimoja.

Niongeze jina moja la hapahapa Urambo. Daktari Ebenezer Southon, mmisionari aliyeishi kwa Mirambo tangu 1879, alijeruhiwa mkono na risasi iliyofyatuka kwa bahati mbaya. Mkono ukakatwa, hakupona, akafa 1882. Alikuwa daktari, na hakuna aliyekuwa amekusudia kumpiga.

Ndiyo maana nina ombi la vitendo kwa kila familia yenye gobore la marehemu juu ya dari. Msilijaribu. Wala msidhani ni tupu kwa kuwa limekaa miaka arobaini. Wazee waliyaacha yamejazwa kwa ajili ya usiku, na baruti ikikaa pakavu haisahau kazi yake. Yule mzee wa Pennsylvania alinionyesha njia ya kujua. Mtutu ukiwa umeelekezwa kusiko na mtu, na wewe ukiwa pembeni, unaingiza mdeki mpaka uishie, unaweka alama ukingoni mwa mdomo, kisha unautoa na kuulaza nje sambamba na mtutu. Alama ikilingana na mdomo, ncha ya mdeki ifike karibu na tundu la moto kule nyuma. Ikiishia mbele ya tundu kwa upana wa vidole viwili au vitatu, humo ndani kuna kitu. Likiwa hivyo, au mkiwa na shaka yoyote, liacheni lilipo, mwiteni polisi. Hata likiwa tupu, sheria inataka lisajiliwe au likabidhiwe, na mwenyekiti wa kijiji anajua pa kuanzia.

Chumba cha kumbukumbu ambacho mchango wa mwaka huu utakiezeka na kukiwekea milango hakihitaji magobore mengi. Moja, lililothibitishwa na polisi kuwa tupu, latosha. Kinachohitajika zaidi ni vitu vidogo tunavyovitupa: pembe za baruti, mifuko ya ngozi ya marisau, kalibu za kuyeyushia risasi, midomo ya wazee wanaokumbuka nani alipiga mlio kwenye mazishi ya nani. Katibu amekubali kuja na kinasa sauti kwa yeyote asiyeweza kusafiri.

Mimi nimeanza na changu. Katika vile vitatu vya babu nimebaki na kimoja, cha kati. Niliporudi kutoka Marekani nilikipima kwa bomba la sindano na maji: kinachukua sentimita za ujazo 6, na kwa baruti nyeusi hiyo ni karibu gramu 6. Ni zaidi ya gramu nne na nusu za yule mzee, kama theluthi moja zaidi. Ukikumbuka baruti ya dukani ya siku zile, na risasi isiyojaza mtutu, hesabu ya babu inakaa. Ndani ya ukingo wa mwanzi huo kuna alama tatu za kisu, moja juu ya nyingine, na mbili za chini zimekwanguliwa. Alipunguza na kuongeza mpaka akaipata.

Kile kidogo na kile kikubwa vilikwenda kwa shangazi zangu upande wa Kaliua, pengine vinatumika kupimia chumvi. Atakayeviona, vina kamba nyekundu ya ngozi, naomba asivitupe.