Kalamu ya risasi haina risasi

Nimerudi chuo jana usiku, mgongo bado unauma kwa lile basi nililopandia Nachingwea. Mazoezi ya kufundisha nimeyamalizia jirani hapo, Ruangwa, na leo nawaletea aibu niliyoipata darasani.

Nilikuwa nafundisha jiografia kidato cha pili, mada ya madini. Si mnajua Ruangwa kuna madini ya kinywe, yale wengine huyaita grafaiti? Basi binti mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, grafaiti maana yake nini?" Mimi kwa kuogopa kuumbuka nikajibu fasta: "Ni jina la Mzungu aliyeyagundua." Akaandika kwenye daftari. Kwa kalamu ya risasi!

Usiku roho ikanisuta, nikatafuta. Kumbe hakuna cha Mzungu Grafaiti wala nini. Mjerumani Abraham Gottlob Werner ndiye aliyeyapa jina hilo mwaka 1789, akilitoa kwenye neno la Kigiriki graphein, yaani kuandika, kwa sababu ndiyo yaliyotumika kwenye penseli. Wahispania wanasema grafito, na kwao neno hilohilo ni pia maandishi ya ukutani. Waingereza wana graph, photograph, autograph. Na sisi tumo: jiografia ni kuiandika dunia, telegramu na programu ni ukoo huohuo. Yaani nilikuwa nafundisha somo ambalo hata jina lake silijui!

Tena zamani Ulaya walidhani kinywe ni aina ya risasi, mpaka Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alipoonyesha mwaka 1779 kuwa ni kaboni. Lakini kosa lilishaingia kwenye lugha. Waingereza mpaka leo wanaiita lead, na sisi tunasema kalamu ya risasi. Kalamu lenyewe nalo asili yake ni Kigiriki, kalamos, tete la kuandikia. Limetufikia kupitia Kiarabu, qalam.

Asubuhi nikasimama mbele: "Jana niliwadanganya." Kimya. Nilijua watanicheka, lakini wapi. Yule binti alichukua raba, akafuta sentensi yangu, akasubiri niseme.

Nilishukuru hakutumia wino. Maana kosa la mwalimu likishakauka kwenye daftari, laweza kuishi miaka mia mbili kama lile la risasi.

Haya, tuonane wiki ijayo.