Bafle Hufuata Umeme: Historia Fupi kwa Mwenye Kutaka Bafle za Kusimama

Kila mwisho wa mwezi, wakati malipo kidogo yanaingia, swali moja linarudi kati yetu walisansie: ninunue bafle gani za nyumbani? Siongei ile ndogo ya kubeba mkononi. Naongea bafle za kusimama chini, mbili, moja kushoto na moja kuume, pamoja na ampli yake. Kwa kijana wa Kindu ao wa kwetu Lokandu, hiyo ni feza ya miezi mingi. Mimi ni agronomu, siyo fundi wa redio. Lakini kazi ya shamba inafundisha kwamba mbegu iliyozaa vizuri kwingine inaweza kufa kwetu, kama hatuangalii kwanza udongo na mvua. Na bafle njo vile. Tuone ilitoka wapi, kisha tutajua ya kuchagua.

Bafle tunayoijua leo inatokana na kazi ya wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliyoitangaza mwaka 1925. Ndani kuko uzi wa shaba uliozungushwa karibu na sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika uzi, uzi unasogea mbele na nyuma, na koni ya karatasi inasukuma hewa. Mpaka leo kazi ni ileile. Mwaka 1926 iliuzwa kwa jina la Radiola 104, kwa zaidi ya dola 200. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa feza ya matajiri.

Sasa, kwa nini sanduku lilikuwa kubwa? Juu ampli za wakati ule zilikuwa na nguvu kidogo sana, wati chache tu. Kwa hiyo bafle yenyewe ilipaswa kutoa sauti nyingi kwa umeme kidogo. Mwaka 1930 Albert Thuras, wa maabara ya Bell, aliomba hati ya uvumbuzi kwa sanduku lenye tundu: hewa ya nyuma ya koni inatoka kwa tundu na kuongeza besi. Lile tundu unaloliona leo kwa bafle nyingi linatoka kwake. Mwaka 1946 Paul Klipsch, kule Arkansas, alianza kuuza bafle kubwa kama kabati, ya kuwekwa kwa kona ya nyumba, ili kuta zenyewe zisaidie kutoa besi. Wati chache zilijaza nyumba nzima.

Na kwetu Kongo? Mtu mweusi hakuanza kwa kununua bafle. Alianza kwa kusikilizishwa. Radio Congolia ilianza Léopoldville mwaka 1939, na mwaka 1949 redio ya koloni ilifungua matangazo yake kwa ajili ya Waafrika. Katika mitaa ya Waafrika walitundika bafle mahali pa watu wengi. Watu walisimama chini yake na kusikiliza. Aliyechagua sauti alikuwa mbali, na msikilizaji hakuwa na kitufe cha kuzima. Mwaka uleule wa 1949, kwa majirani wetu wa Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, walianza kuuza redio ya betri iliyofungwa katika umbo la sufuria, kwa pauni 5, ili mfanyakazi wa kawaida aweze kuwa nayo nyumbani. Hapo njo kitufe kilianza kuingia mkononi mwa watu.

Muziki nao ulikuwa unakuja. Mwaka 1948 Mgiriki Nicolas Jéronimidis alianzisha kampuni ya santuri ya Ngoma kule Léopoldville, na mwaka ule Wendo Kolosoy alitoa Marie-Louise. Mwaka 1960 African Jazz wa Grand Kallé walirekodi Indépendance Cha Cha kule Brussels, wakati wa mkutano wa meza ya mviringo. Wengi wa wazee wetu walisikia nyimbo hizi katika bare ao kwa jirani mwenye redio. Kuwa na bafle zako mwenyewe nyumbani, na kuchagua wewe wimbo wa jioni, ni jambo lililokuja polepole, na kwa wengi halijafika bado.

Tukumbuke pia njia. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilifunguliwa mwaka 1911, na kutoka Ubundu hadi Kindu vitu vinapanda kwa mto Lualaba, vinapita hapa Lokandu. Bafle ya kilo 25 inalipa mto, inalipa mbeba mizigo, inalipa pikipiki. Kwetu ukubwa ni bei pia.

Mwaka 1954 mambo yaligeuka. Edgar Villchur alitoa bafle ndogo, AR-1, yenye sanduku lililofungwa kabisa. Hewa iliyofungwa ndani ilifanya kazi ya springi, na besi nzito ikatoka katika sanduku dogo. Kisha mwaka 1958 santuri za stereo zilienea madukani, na mtu alipaswa kuwa na bafle mbili. Nani ana nafasi ya makabati mawili? Ndogo zikashinda. Lakini zilikuwa na deni: zilikula wati nyingi zaidi kwa sauti ileile. Ulaya na Marekani hawakuogopa, juu umeme ulikuwa kwa ukuta na transista ilifanya wati kuwa rahisi. Bafle ndefu nyembamba za leo nyingi zilizaliwa katika nyumba za namna hiyo.

Hapa njo somo letu. Nyumba nyingi za kwetu zinaishi kwa pano ya jua na betri moja. Kwa umeme, tuko karibu na watu wa 1946 kuliko watu wa leo wa Ulaya. Kwa hiyo, nyuma ya bafle usitafute kwanza wati kubwa. Yale maandishi ya wati 5000 hayakuambii kitu. Tafuta hesabu ya desibeli: sauti inayotoka kwa wati 1, ukiipima kwa metre 1. Bafle ya desibeli 90 na bafle ya desibeli 84 zinaonekana kukaribiana, lakini ya pili inataka umeme mara nne ili kutoa sauti ileile. Mara nne kwa betri yako, kila jioni. Angalia pia omu: omu 8 hazichokeshi ampli ndogo kama omu 4.

Jambo la pili ni hali ya hewa. Bafle nyingi za okazyo zinazotoka Ulaya zina pete ya sponji pembeni ya koni. Sponji ile inazeeka na kuvunjika, na joto na unyevu vinaharakisha. Iguse polepole kwa kidole: ikibaki unga, hesabu bei ya kuibadilisha kabla ya kulipa. Pete ya kauchu inadumu zaidi. Sanduku la mbao za kusaga linavimba likikunywa maji ya chini, na mchwa hawaulizi bei. Weka matofali ao vigae chini yake, na usilibanishe na ukuta, besi isivume sana.

Mwezi uliopita, sokoni Kindu, nilipima jozi mbili za bei moja. Jozi mpya ilikuwa na taa za rangi, bila desibeli yoyote kuandikwa. Jozi ya okazyo ilikuwa na mikwaruzo, kauchu nzima, desibeli 90, omu 8. Nilichukua ya mikwaruzo. Baba yangu anasikiliza rumba yake kwa simu ya mjukuu, na simu haitoi besi. Miaka mingi amekuwa akisikia nusu ya wimbo. Jioni ya kwanza alinyamaza, kisha akauliza nani anapiga ile gitaa ya chini.

Ukikosa jozi nzuri, kuko njia nyingine: nunua spika tupu na umpe fundi wa mbao kazi ya sanduku. Tangu 1961 Neville Thiele wa Australia alipoandika hesabu zake, ukubwa wa sanduku na tundu unaweza kupigiwa hesabu kwa karatasi, kufuatana na namba za spika yenyewe. Kama namba hizo hazipo, acha.

Na mwisho, masikio. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma ndiyo mpaka kwa mtu mzima. Bafle nzuri inatosha nyumba yako bila kuamsha ya jirani. Wazee wetu walisimama chini ya bafle isiyo na kitufe. Sisi tunacho, tukitumie.