Unataka kubadilisha trekta? Jua kwanza la zamani lina thamani gani

Msimu ukiisha na mahindi yakishauzwa, wenye matrekta wengi huanza kuwaza kubadilisha. La zamani linakula oili, fundi anaitwa kila wiki, na pale mjini kuna jipya linang'aa. Muuzaji anakuambia: lete la kwako, tutalipigia hesabu, utaongeza kidogo tu.

Hapo kwenye "tutalipigia hesabu" ndipo hela inapopotea. Mwenye trekta anafika hajui lake ni la bei gani, anapangiwa, na pengo lote analibeba kwenye mkopo.

Tuchukue namba za mfano. Umepunjwa milioni 4 kwenye trekta la zamani. Unalimia watu kwa Sh60,000 kwa ekari, na nusu yake inaisha kwenye dizeli, dereva na matengenezo. Ili kurudisha hiyo milioni 4 itabidi ulime ekari 133. Hapo bado hujagusa riba.

Anza na modeli, mwaka baadaye

Kwenye matrekta ya zamani umri peke yake hausemi kitu kikubwa. Massey Ferguson 290 la miaka ya 1980 linaweza kupata mteja fasta kuliko trekta la miaka minane ambalo spea zake mpaka ziagizwe nje.

Siri iko kwenye injini. Massey 290 inatumia Perkins 4.248. Hiyo namba ina maana: silinda 4, ukubwa wa inchi za ujazo 248, yaani kama lita 4. Ile 135 ndogo ina Perkins 3.152, silinda 3 na lita 2.5. Injini hizi zilifungwa pia kwenye mashine nyingine nyingi duniani, ndiyo maana mafundi wanazijua na spea hazisumbui sana.

Kipimo rahisi: pigia simu maduka matatu ya spea. Uliza seti ya pistoni na ringi, sahani ya klachi na pampu ya haidroliki ya modeli yako. Kama mawili kati ya hayo yanakujibu "mpaka niagize", mnunuzi wako naye atajibiwa hivyohivyo, na atakukata bei.

Utaulizwa pia kama ni "la Uingereza" au "la Pakistani". Kiwanda cha Massey cha Coventry kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na modeli kama 385 zimekuwa zikitengenezwa Pakistani na Millat. Wapo wanaolipa zaidi kwa la Coventry. Kiukweli, la Pakistani lililotunzwa ni bora kuliko la Coventry lililochoka, lakini soko lina imani zake, na ukiwa muuzaji unaitumia imani hiyo kama ilivyo.

Saa za injini: usiziamini sana

Kwenye dashibodi kuna mita ya saa. Kwa matrekta mengi ya zamani mita hiyo inaendeshwa na mzunguko wa injini, siyo na muda wa ukutani. Injini ikiunguruma taratibu, saa zinahesabika polepole. Na nyingi zimekufa siku nyingi, au zimejaa tarakimu zikarudi sifuri.

Mnunuzi mjanja atapiga hesabu ya ekari, na wewe ifanye kabla yake. Jembe la diski tatu hukata upana wa karibu mita 0.9. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, ukitoa muda wa kugeuza na kuziba pancha, unapata kama ekari 0.8 kwa saa. Trekta linalolima ekari 400 kwa msimu limefanya saa 500. Kwa misimu 10 ni saa 5,000, hata kama mita inasoma 1,800.

Kama una daftari la kazi na risiti za oili na filta, toa. Ni watu wachache wanaokuwa nazo, na zinapandisha bei kuliko rangi mpya.

Liwashe likiwa la baridi

Huyu ndiye shahidi mkuu. Mnunuzi akija akakuta injini tayari ina moto, ana haki ya kushtuka. Hivyo jipime mwenyewe asubuhi, kabla hajaja.

Je, linawaka kwa stata au mpaka lisukumwe? Moshi mweusi mzito mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba, nozeli au pampu ya dizeli. Hiyo siyo kesi kubwa. Moshi wa bluu usiokatika ndio wa kuogopa, maana oili inaungua ndani. Mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, ila ukiendelea injini ikiwa ya moto, angalia nozeli, na angalia kama maji ya rejeta yanapungua.

Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Kukitoka hewa kwa nguvu na moshi kama birika, ringi zimekwisha. Chomoa na kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Halafu mpe kazi. Trekta linaloonekana zima likiwa limesimama linaweza kuishiwa nguvu likishika udongo wa mfinyanzi. Lima mistari miwili mitatu, sikiliza gia zote, kanyaga breki moja moja.

Haidroliki nayo ina mtihani wake. Nyanyua jembe, zima injini, likae juu. Likishuka polepole kwa muda mrefu, linavumilika. Likidondoka ndani ya dakika moja, kuna sili au vali imechoka, na mnunuzi ataliona hilo kabla hujamaliza kumkaribisha.

PTO usiisahau, hasa kwa wateja wanaotaka kupukuchua mahindi au kuvuta maji. Wengi wanaitafuta hiyo kuliko hata jembe.

Tairi za nyuma ni hela taslimu

Kati ya vitu vyote vya nje, hakuna kinachokata bei kama tairi mbili za nyuma. Saizi ya 18.4-30 iliyozoeleka kwenye Massey kubwa siyo ya kununua kwa chenji. Angalia meno yaliyobaki, lakini angalia zaidi nyufa za ubavuni, kwa sababu tairi lenye meno na ubavu uliopasuka ni tairi la kutupa. Kama umetia maji ndani kuongeza uzito, kagua rimu kwa kutu.

Sasa piga hesabu

Tafuta matrekta matatu ya modeli yako yaliyouzwa kweli karibuni. Bei ya tangazo ni ndoto ya muuzaji, wewe unataka iliyolipwa. Ulizia mafundi na madereva, wao ndio wanaojua.

Tuseme (bado ni mfano) lililo safi limeuzwa milioni 25. Lako linahitaji tairi mbili za nyuma kwa milioni 4, pampu ya dizeli kwa milioni 1.2 na sili za haidroliki kwa laki 8. Jumla milioni 6. Linabaki na milioni 19. Punguza kidogo kwa usumbufu wa mnunuzi, tuseme milioni 18 ndiyo mstari wako. Muuzaji wa jipya akikupigia milioni 15, sasa unajua anakutoza milioni 3 kwa kukurahisishia kazi. Inaweza kuwa sawa kama huna muda. Ila uwe unajua.

Je, ufungue injini upya kabla ya kuuza? Mimi nasema hapana. Gharama yake mara chache hurudi yote kwenye bei, na mnunuzi akiona injini imefunguliwa juzi anajiuliza unaficha nini. Rekebisha vya bei ndogo: betri, taa, filta, bomba linalovuja, kiti. Osha. Rangi mpya juu ya matope ya oili inaonekana tu, acha.

Wakati nao una bei. Mikoa yenye msimu mmoja kama Dodoma, trekta lina wateja zaidi mvua zikikaribia, kila mtu akitaka kuwahi shamba. Kazi ya kulima ikiisha, dalali ndiye anayekupangia. Tatizo ni kwamba ukiuza Oktoba na jipya likachelewa kufika, msimu mzima unaangalia wenzako wanavyolima. Usilikabidhi la zamani kabla jipya halijasimama uani kwako.

Na kabla ya kuuza, jiulize kama lazima uuze. Massey iliyochoka kwa jembe bado inaweza kuvuta tela la maji na mavuno. Kama bei ya soko imeshuka sana, kubaki nalo kwa kazi nyepesi kunaweza kulipa.

Makaratasi

Kadi ya usajili iwe na jina lako, na namba ya chesi kwenye kibao ifanane na ya kwenye kadi. Matrekta mengi ya urithi bado yana jina la marehemu baba. Hapo mirathi inatangulia, vinginevyo mnunuzi makini anaondoka na anayebaki ni wa bei ya kutupa. Kama kadi imeshikwa na benki kwa mkopo wa zamani, pata kwanza barua ya kumaliza deni.

Pokea malipo kupitia benki, andikianeni mkataba mbele ya mashahidi, kisha nendeni TRA mbadilishe umiliki. Usikubali ile ya "nitabadilisha baadaye", kwa sababu likisababisha ajali barabarani kabla hajabadilisha, jina litakalosomeka kwenye kadi ni la kwako.